Mtambo wa Kunasa Hewa Ukaa Umegoma? Usianze na Dawa

Kila mtambo unapogoma napigiwa simu yenye maneno yaleyale: "Fundi, dawa imekufa." Ninahudumia miwili tu, mmoja kwenye jengo la ofisi Njiro hapa Arusha, mwingine mdogo wa majaribio kule Moshi. Kazi yangu ya miaka yote ni viyoyozi na feni. Lakini hiyo miwili imenipandisha darini mara za kutosha kujua kwamba dawa hufa kwa nadra. Kinachokufa ni mita, au feni, au mpira wa mlango. Dawa inaagizwa nje, bei yake inauma, na ukishamwaga ile ya zamani huwezi kuirudisha. Ikague mwisho.

Kwa ambaye hajauona mtambo wenyewe: hewa iliyotumika vyumbani inatolewa kupitia dakti, yale mabati makubwa yaliyofichwa juu ya dari. Katikati ya dakti kuna sanduku lenye trei za chembe ndogo zilizolowekwa amini, kemikali inayoshikamana na hewa ukaa; chembe hizo ndizo tunaziita dawa. Chembe zinanyonya mpaka zishibe. Kisha tunafunga vilango vya sanduku pande zote mbili, tunavuta kwa pampu hewa iliyobaki ndani, tunapasha joto, na dawa inaachia ilichoshika. Sisi tunaita kunyonya na kukamua. Ufini kuna kampuni inayoitwa Soletair Power inayofunga mitambo ya namna hii kwenye mifumo ya hewa ya majengo, kwa hiyo wazo si la kichaa. Hata chokaa uliyopaka ukutani inakuwa ngumu kwa kunyonya hewa ukaa hiyohiyo, ila chokaa ukitaka kuikamua inabidi uirudishe tanuruni kwenye nyuzi 900 hivi.

Kwa nini hewa ya kutolewa, na si ya barabarani? Hesabu ni rahisi. Nje, katika kila sehemu milioni za hewa, hewa ukaa ni 420 na ushee. Mtu anayefanya kazi ya kukaa anatoa gramu kama 35 kwa saa. Weka watu 20 kwenye ukumbi unaobadilishiwa hewa mita za ujazo 1,000 kwa saa, na ndani utakuta 900. Feni ile ile, umeme ule ule, lakini hewa imebeba mara mbili.

Jambo moja kabla hujapanda ngazi: hakikisha jengo lina mfumo wa hewa kweli. Majengo mengi ya Arusha yana split tu, vile viyoyozi vya ukutani, na split haileti hewa mpya, inazungusha ile ile ikiwa baridi. Nimewahi kuitwa Sakina kutathmini jengo zima lenye split 14 na hakuna dakti hata mita moja. Hapo hakuna pa kufunga kitu. Nilikunywa chai nikaondoka.

Mita ya nje inasoma 360

Toa mita nje, itundike mbali na watu na magari, subiri dakika kumi. Ikisoma 360, usifurahie hewa safi ya Meru. Dunia iliipita 360 katikati ya miaka ya 1990 na haijarudi. Mita inakosea, na chanzo cha kosa ni mwinuko.

Mita nyingi za hewa ukaa hupima kwa mwanga wa infraredi. Zinachofanya hasa ni kuhesabu molekuli zilizo kati ya taa na jicho, na kiwandani zimepangwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Arusha iko kama mita 1,400 juu, na mgandamizo wa hewa hapa ni kilopaskali 86 hivi, si 101. Hewa yetu ni nyepesi kwa asilimia 15, molekuli ni pungufu kwa kiasi hicho hicho, na mita inasoma pungufu. Zidisha 360 kwa 1.18 upate 425. Moshi mjini ni chini zaidi, huko zidisha kwa 1.1 na kidogo. Mita nzuri zina mahali pa kuingiza mwinuko. Ingiza mara moja, halafu andika kwenye kifuniko kwa kalamu ya wino usiofutika kwamba umeshaingiza, maana fundi mwenzako akija atazidisha tena.

Kuna mtego mwingine hapohapo, nami ulininasa miezi miwili. Ukishasahihisha namba ya mita, tumia pia uzito wa hewa ya Arusha unapogeuza namba hiyo kuwa gramu. Jedwali nililokuwa nalo lilikuwa la usawa wa bahari. Kwa hiyo nilikuwa nasahihisha upande mmoja na kuacha wa pili, na kila siku daftari langu likaonyesha mavuno makubwa kuliko yaliyokuwemo, kwa asilimia 18. Kwa hapa, hewa yenye 425 ina kama gramu 0.65 za hewa ukaa kwa mita moja ya ujazo. Yenye 900 ina gramu 1.4. Shika namba hizo mbili, zitakuokoa na aibu.

"Inafanya kazi wiki moja, halafu inakufa"

Hii ndiyo iliyotugharimu zaidi, na ndiyo ninayotaka uielewe kuliko zote.

Mtambo wa Njiro ulipowashwa, mita ya kabla ya dawa ilisoma 800 mchana, ya baada ya dawa ikasoma 500. Safi. Baada ya siku nane hivi, ya baada ikapanda hadi 700. Mzee anayesimamia jengo akanipokea mlangoni: "Si nilikuambia, fundi? Dawa hii ni feki." Tulibadilisha trei mbili. Hazikubadilisha kitu. Tukaandika barua ya malalamiko kwa waliotuuzia, na bado naona aibu nikiikumbuka barua ile.

Asubuhi moja, kabla wafanyakazi hawajafika, nikazing'oa mita zote mbili nikazipeleka kwenye maegesho, nikaziweka juu ya boneti ya gari, upepo unavuma. Ile ya kabla ya dawa ikatulia kwenye 425. Ile ya baada ikasoma 630. Hewa moja, boneti moja.

Sababu yake ni tabia ya mita yenyewe. Mita nyingi za bei nafuu hujirekebisha: zinaangalia namba ndogo kuliko zote katika siku saba au nane zilizopita, zinadhani hiyo ndiyo hewa ya nje, na zinaipa jina la 400. Ofisini ni akili nzuri, kwa kuwa usiku watu hawapo na hewa ya ndani inakaribia ya nje. Lakini mita iliyo baada ya dawa inaona kitu ambacho mtengenezaji hakukifikiria. Usiku feni yetu ilikuwa inazunguka polepole, hewa ya 430 inaingia kwenye dawa iliyokamuliwa, inatoka 200. Mita ikaona 200, ikasema "hii ndiyo 400", ikajiongezea 200 kwenye kila kipimo tangu siku hiyo. Kadiri dawa ilivyofanya kazi vizuri, ndivyo mita ilivyozidi kuisingizia.

Tiba: ingia kwenye mipangilio uzime kujirekebisha kwa mita ya baada ya dawa. Kila miezi mitatu ipeleke nje na uirekebishe kwa mkono. Na kama jengo lina watu saa 24, mathalani nyumba ya wageni au wodi, zima na ya kabla ya dawa, kwa sababu huko hewa haishuki kufikia ya nje hata usiku wa manane na mita itazoea kusoma pungufu.

Feni inaunguruma lakini hewa ni haba

Weka karatasi ya tishu kwenye mdomo wa kutolea hewa chumbani. Isipobandika, hewa haivutwi ya kutosha.

Kwanza chujio. Vumbi la kiangazi huku halina huruma, na chujio la mwanzo likiziba, kila kitu nyuma yake kinasoma vibaya. Ukiwa na geji ya tofauti ya mgandamizo, chujio safi litakuwa kwenye paskali 60 hivi, na likifika 250 halina mjadala. Usilipige kwa fimbo ukalirudisha. Unatoboa nyuzi, na vumbi linakwenda kukaa kwenye dawa.

Pili, kwenye feni za fezi moja, kapasita. Feni inanguruma, haianzi mpaka uisukume kwa mkono: ni hiyo. Umeme ukishuka sana jioni, kapasita dhaifu ndiyo inayoonyesha kwanza.

Tatu, na hili hupotosha hata mafundi wazoefu: feni kuzunguka kinyumenyume. Feni zenye nyumba ya umbo la konokono, zikizungushwa kinyume, bado zinatoa hewa upande ule ule, ila kidogo sana. Macho yanaona hewa inatoka, akili inaridhika. Yetu ilibadilika baada ya waya wa chini ya ardhi kutengenezwa na fezi mbili kurudishwa zikiwa zimepishana. Aliyegundua ni mama wa usafi, akasema tu kwamba feni "siku hizi inaguna". Angalia mshale uliopigwa kwenye nyumba ya feni, zima, acha isimame polepole utazame upande inaozungukia. Ukikuta ni kinyume, badilishana waya mbili kati ya tatu.

Kabla na baada zinasoma sawa, na mita umeshazithibitisha

Sasa uliza: saa ngapi? Ikiwa asubuhi kuna tofauti na saa nne hakuna, huenda hakuna ubovu wowote. Dawa imeshiba. Kilo moja ya dawa ya amini hubeba gramu 40 hadi 80 za hewa ukaa kutoka hewa ya aina hii. Ukipitisha mita za ujazo 1,000 kwa saa na kuishusha kutoka 900 hadi 600, unakusanya kama gramu 460 kwa saa. Kilo kumi za dawa zitajaa ndani ya saa moja mpaka mbili. Aliyekuambia utakamua mara moja kwa siku hakupiga hesabu hiyo.

Ikijaa ndani ya dakika 15, hapo kuna jambo. Fungua sanduku. Chembe kwenye trei hushuka taratibu kwa mtikisiko wa feni, kama maharage kwenye gunia lililosafirishwa, na juu inabaki nafasi ya vidole viwili. Hewa haina ubishi, inapita penye njia rahisi. Laza trei, tikisa, jaza, funga. Kisha washa kijiti cha udi ukipitishe kwenye kingo za sanduku feni ikiwa inazunguka. Moshi ukinyonywa kwenye ungio, umepata tundu. Udi unashinda kifaa chochote nilichonacho, na dari inabaki inanukia.

Masika yana mambo yake. Amini nyingi hazikatai unyevu, tena kiasi kidogo huzisaidia kunyonya, lakini zinabeba maji pamoja na hewa ukaa na maji hayo utayalipia wakati wa kukamua. Kama dawa yako ni zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo sana, habari ni tofauti kabisa: zeolaiti inapenda maji kuliko hewa ukaa, na Aprili moja yenye mvua inatosha kuijaza maji. Hiyo inahitaji kikaushio mbele yake.

Joto linakwama nyuzi 95

Maelekezo yanasema pasha hadi 100. Hita inawaka, dakika 40 zinapita, sindano imeganda kwenye 95. Fundi wa umeme anabadilisha hita. Bado 95.

Mtu yeyote aliyepika maharage Arusha kisha akapika Tanga anajua jibu, hata kama hajui kwamba analijua. Hapa maji huchemka kwenye nyuzi 95. Sanduku likiwa na maji ndani, joto lote linakwenda kuyachemsha na halipandi mpaka yaishe. Tafuta maji yanatoka wapi: bomba la kutolea maji lililoziba, dakti isiyo na mwinamo, mvua inayoingia kwenye kofia ya paa. Yakishakauka, sindano itapanda yenyewe. Hita haikuwa na kosa.

Ndugu wa tatizo hili ni geji ya pampu ya kuvuta. Kitabu kinataka uvute hadi kilopaskali hasi 90, pampu inafika hasi 82 na kusimama, na kila mtu anailaumu. Geji ya kawaida inapima tofauti na hewa iliyoizunguka, na hewa ya Arusha yote ni 86. Hasi 90 haipo hapa. Hasi 82 ni pampu nzima kabisa.

Lakini kama gesi unayokusanya ni hafifu, yaani nusu yake ni hewa ya kawaida, pampu inavuta hewa ya nje kupitia ungio. Hapo povu la sabuni usilitafute likivimba. Upande wa kuvuta, povu linafyonzwa ndani, tazama linapotoweka. Mara nyingi ni mpira wa mlango wa sanduku, uliokakamaa kwa kupashwa na kupozwa kila siku. Ukikagua, usifanye kazi hiyo kwenye stoo ya chini ya ngazi mlango ukiwa umefungwa. Hewa ukaa ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu, inajikusanya chini, na ikifika sehemu 40,000 kwa milioni ni hatari kwa maisha papo hapo. Mita nyingi za ofisini hukomea 5,000, hazitakwambia.

Dawa imekuwa ya kahawia na inanuka

Sasa ndiyo, dawa. Rangi ya kahawia na harufu kama ya amonia ni amini iliyoungua kwa oksijeni. Inatokea ukipasha kabla ya kuvuta hewa yote, au ukifungua vilango dawa ikiwa bado ya moto. Isubiri ishuke chini ya 60. Umeme ukikatika katikati ya kukamua na ukarudi, hita isiwake kabla ya pampu. Kama mtambo wako hauna kizuizi hicho, kifunge leo. Trei zilizoungua hazirudi.

Sababu ya pili ni moshi wa jenereta. Jenereta la jirani limeelekeza ekzosi kwenye mdomo wako wa kuingizia hewa, mita inaruka hadi 1,100, na mwenye jengo anafurahi kwamba kuna mavuno zaidi. Moshi wa dizeli una gesi za salfa na naitrojeni zinazoshikana na amini moja kwa moja, na joto lako la kukamulia haliziondoi. Kila mlo wa moshi unapunguza dawa. Hamisha mdomo au hamisha ekzosi.

Namba nzuri, watu wanalalamika hewa nzito

Hii ni kwa jengo linalorudisha vyumbani hewa iliyopita kwenye dawa: mita chumbani inasema 600 na dada wa mapokezi anaumwa kichwa. Kapande ukaangalie kilango cha hewa mpya. Mtu amekifunga kuokoa umeme, kwa kuwa "si mtambo unasafisha?" Mtambo unatoa hewa ukaa peke yake. Jasho, harufu ya rangi ya fanicha mpya, harufu ya chakula na vijidudu vya mafua vinabaki vyote. Kifungue, na ukifunge waya ili kisifungwe tena.

Hesabu ya mwezi haiji

Kukamua kilo moja ya hewa ukaa kwa dawa ya aina hii kunataka joto la uniti moja na nusu hadi mbili na nusu. Ndiyo maana Octavia Carbon ya Kenya inategemea joto la ardhini la Bonde la Ufa: joto ndilo gharama. Sisi tunaanza kupasha kwa maji yaliyopashwa na jua paani na kumalizia kwa umeme.

Kwa jenereta usijaribu. Lita moja ya dizeli inatoa kilo 2.7 za hewa ukaa na kukupa uniti tatu, tatu na nusu. Uniti mbili za kukamua kilo moja zitakuwa zimemwaga zaidi ya kilo moja na nusu kupitia ekzosi. Tulifanya hivyo wiki nzima ya mgao, daftari likionyesha mavuno mazuri, mpaka nilipoandika lita za dizeli kwenye safu ya pembeni. Siku hizi kuna rilei, swichi inayojiendesha yenyewe, inayozuia hita isiwake umeme ukitoka kwenye jenereta. Umeme ukikatika, dawa inakaa imeshiba mpaka urudi.